Chupa ya kangaga na jiko la chumbani

Binti yangu alikataa kufunga kifuniko.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kokoto chini, mkaa uliopondwa juu yake, kisha udongo, kangaga moja dogo katikati, na kile kijani laini cha ukutani tumekitandaza kama zulia. Ilibaki kufunga tu. Yeye akaweka viganja vyote viwili juu ya mdomo wa chupa, akanitazama.

"Mama, itakosa hewa."

Ana miaka saba. Alipokuwa na mitatu alilazwa kwa nimonia, siku sita na mrija wa oksijeni puani, na tangu wakati ule neno hewa kwetu si la mzaha. Kwa hiyo sikucheka. Nikamwambia tuiache kwanza, tunywe chai, nimweleze.

Mimi naishi Mbeya na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Yeye anaishi Iringa na bibi yake, mama yangu mzazi, kwa sababu kazi hii ina safari za ghafla na mshahara wake hautoshi kumlipa dada wa kazi wa kuaminika. Si mpango ninaojivunia, wala siuonei aibu. Najua wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaishi hivyo hivyo. Likizo zikifika anapanda basi na shangazi yake, anakuja kwangu.

Juni ya Mbeya mnaijua. Asubuhi vidole vinakufa ganzi, mtoto hawezi kutoka nje mpaka jua lipande, na mtoto wa kifua ndiyo kabisa. Siku mbili za kwanza alimaliza bando langu lote kwa katuni. Siku ya tatu nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekiona kwenye simu: terariamu, yaani bustani ndogo inayoishi ndani ya chupa iliyofungwa. Mimi naiita bustani ya chupa. Ilinivutia kwa sababu mbili. Kwanza, haihitaji kumwagiliwa, na mimi nimeshaua mimea mitatu ya sebuleni kwa safari za kikazi. Pili, niliona tunaweza kutengeneza mbili zinazofanana, moja ibaki Mbeya, nyingine aende nayo Iringa. Tungekuwa na kitu cha kuulizana kwenye simu zaidi ya "umekula?" na "umesoma?"

Chupa tulizipata Mwanjelwa, kwa mama anayeuza vyombo vya kioo vya mtumba. Zilikuwa zile pana za kuwekea biskuti, zenye kifuniko cha kioo, shilingi elfu nne kila moja baada ya kuvutana. Ukikosa ya kioo, hata dumu angavu la maji la lita tano linafaa, mradi uone ndani na uweze kulifunga. Kokoto tuliokota kwenye ujenzi wa jirani kwa ruhusa yake. Udongo tulichota chini ya mparachichi wake, ule mweusi wenye majani yaliyooza. Mkaa tulichukua vipande viwili kwenye kiroba cha jikoni, binti akaviponda kwa jiwe hadi pua ikawa nyeusi. Kangaga tulizing'oa pembeni ya mtaro nyuma ya nyumba. Na kile kijani laini, ambacho wengine hukiita kuvumwani, tulikibandua kwa kisu kwenye ukuta wa tanki, upande usiopata jua.

Rafiki yangu mmoja alinishauri twende Kitulo tukachukue okidi. Nikamwambia hapana, na nasema hivyo hivyo kwenu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na ilianzishwa hasa kwa ajili ya maua yake, ndiyo maana watu huiita Bustani ya Mungu. Okidi zake zimechimbwa vya kutosha na wafanyabiashara wa chikanda, wanaosafirisha viazi vyake kwenda Zambia kuliwa. Isitoshe, ua lililozoea upepo wa juu kule halitaishi ndani ya chupa sebuleni. Mtaroni panatosha.

Sasa turudi kwenye hewa. Nilimweleza binti yangu kwa maneno ya umri wake, nanyi nitawaeleza kwa ya umri wenu. Mmea ukipata mwanga unachukua maji na kaboni dayoksaidi, ile hewa tunayoitoa sisi tukipumua, unajitengenezea chakula na kutoa oksijeni. Walimu huita usanisinuru. Usiku, au gizani, mmea nao unapumua kama sisi: unatumia oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Vijidudu vya kwenye udongo vinavyoozesha majani makavu navyo vinatoa kaboni dayoksaidi, na kesho yake mwanga ukirudi mmea unaitumia tena. Maji nayo yanazunguka. Yanatoka udongoni na kwenye majani kama mvuke, yanagonga kioo, yanateremka kama matone, yanarudi kwenye mizizi. Kinachoingia kutoka nje ni mwanga tu. Ukiiweka chupa hiyo kabatini wiki kadhaa, itakufa kweli.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti. Tufunge chupa yangu, ya kwake ibaki wazi usiku mmoja, asubuhi tuone.

Usiku huo nilimsimulia habari za daktari mmoja wa London aliyeitwa Nathaniel Ward. Aliishi upande wa mji uliojaa moshi wa makaa ya mawe, na kangaga alizopanda kwenye bustani yake zilikuwa zinakufa kwa moshi huo. Mwaka 1829 alifukia buu la nondo, lile linalojifunga kungoja kugeuka, kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunga. Kabla ya kuona nondo akaona kangaga na jani moja la nyasi vikichipua, ndani ya mji ambao nje ya kioo havikuweza kuishi. Chupa ile ilidumu karibu miaka minne bila kumwagiliwa, mpaka kifuniko kikala kutu na maji ya mvua yakapenya. Mwaka 1833 Ward alipakia masanduku mawili ya kioo yenye mimea kwenye meli kwenda Sydney, Australia, safari ya miezi, na mimea ikafika hai.

Binti alishasinzia kabla ya Sydney. Mimi ndiye niliyeendelea kusoma. Masanduku hayo ya Ward ndiyo yaliyobeba miche ya chai ambayo Mskoti Robert Fortune aliitoa China kwenda India kati ya 1848 na 1851, akiwa amejivika nguo za Kichina ili asitambulike. Yalitumika pia kuvusha mkwinini, mti ambao gome lake linatoa dawa ya malaria, kutoka Amerika Kusini hadi Asia. Wizi mtupu, tukisema ukweli, lakini sikuwahi kufikiri kwamba historia ya dawa niliyoiandika mara ngapi sijui ilipitia kwenye chupa kama hii ya biskuti. Kuna pia mzee mmoja wa Uingereza, David Latimer, aliyepanda mmea kwenye chupa kubwa mwaka 1960. Kwa maelezo yake aliifungua kuongeza maji mwaka 1972, basi, na miongo baadaye ilikuwa bado imejaa majani.

Asubuhi chupa yangu ilikuwa na ukungu mwembamba upande mmoja na kangaga limesimama. Ya binti yangu, iliyobaki wazi, kijani chake kilikuwa kimeanza kukauka pembeni. Akachukua kifuniko, akafunga mwenyewe, akasema, "Haya, pumua."

Kuitunza hakuna mengi, ila haya machache yanaua wengi. Maji: sisi tulitia vijiko sita vya chakula, na hata hivyo vilizidi. Bora kidogo kuliko kingi, kwa sababu kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi. Asubuhi kioo kikiwa na ukungu sehemu, na mchana ukatoweka, mambo ni mazuri. Kioo chote kikilowa kutwa nzima, fungua kifuniko saa tatu au nne kisha ufunge. Mwanga: karibu na dirisha, lakini jua lisiipige moja kwa moja. Kioo kilichofungwa juani ni sawa na gari lililoegeshwa juani, mimea inaiva. Mbolea usitie, huhitaji mmea ukue upesi. Mkaa wapo wanaosema si lazima. Mimi nauweka kwa sababu unasaidia kuondoa harufu ya kuoza, na kwa sababu binti yangu aliufurahia kuliko vyote.

Alirudi Iringa mwanzoni mwa Julai. Chupa aliipakata kwenye kanga yangu tangu Mbeya. Chimala aliniandikia kwa simu ya shangazi yake kwamba kangaga linatikisika, Makambako akasema limelala, Mafinga konda alimuuliza kama hiyo ni dawa ya kienyeji. Walifika salama wote wawili.

Tukaanza mazungumzo yetu ya jioni. Wiki ya kwanza alinipigia akisema, "Mama, chupa ina ukungu." Nikamjibu vizuri sana, ndiyo inapumua hiyo. Kesho yake tena, "Ukungu umeongezeka." Nikamwambia safi. Siku ya tatu akasema, "Mama, ukungu una manyoya." Hapo nikaelewa kwamba lugha yetu imetuchezea. Mimi nilikuwa nawaza ukungu wa asubuhi, yeye alikuwa anazungumzia ukungu wa mkate uliochina. Jani moja lilikuwa limeoza likaota meupe. Dawa yake ni kulitoa jani hilo na kuiacha chupa wazi siku moja, na kama mtoto ana pumu au kifua chepesi, mkubwa ndiye aifungue, nje, mtoto akiwa mbali, kwa sababu vumbi la ukungu huo linaweza kumwamsha kifua. Nikamwomba mama afanye hivyo. Akafanya huku akilalamika kwamba amefika umri huu hajawahi kuhudumia jani.

Siku nne baadaye nikamuuliza binti chupa iko wapi sasa, isije ikawa juani.

"Iko chumbani kwetu juu ya sanduku. Nimeisogeza mbali na jiko, Bibi anasema kioo kitapasuka."

"Jiko gani mwanangu?"

"Jiko la chumbani. La kuotea moto."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nikamuuliza taratibu, nisimtishe. Jiko linawashwa nje, linaachwa mpaka mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe, kisha Bibi analiingiza chumbani saa mbili usiku, wanafunga mlango, wanalala. Tangu lini? Tangu baridi ianze. Kichwa kinauma asubuhi? Akafikiri. "Kinauma kidogo. Nikienda shule kinaacha."

Mzazi mwenzangu, habari ya jiko la mkaa chumbani nimeiandika. Nyanda za Juu Kusini kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko na haikuamka. Nimewahi kukaa na daktari akanieleza, nikaandika vizuri, nikaweka na kichwa cha habari chenye herufi kubwa. Na wakati wote huo mtoto wangu mwenyewe alikuwa analala nalo.

Nikaomba kuzungumza na mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, si tumeshasalimiana?" Nikamwambia kuhusu jiko. Kimya kidogo, kisha sauti ile ninayoijua.

"Mwanangu, wewe na kaka zako mlilelewa na jiko hilo hilo. Mlikufa?"

Sikuwa na jibu ambalo mtoto anaweza kumpa mama yake kwenye simu. Nikamwomba usiku huo tu, kwa heshima yangu, jiko libaki nje. Akasema sawa kwa namna ya kumwambia mtu akate simu. Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, Jumamosi alfajiri nikapanda basi.

Nilipofika niliingia chumbani kabla sijavua koti, na jibu la swali la mama nikalikuta ukutani. Nyumba tuliyokulia ilikuwa na bati lisilo na dari. Juu ya ukuta kulikuwa na uwazi ambao popo walipita, dirisha lilikuwa la mbao lisilofunga sawasawa, na mlango ulikuwa na nafasi chini ya kutosha paka. Tuliota moto na nyumba ikatuvujia hewa usiku kucha. Sasa chumba kina dari la jipsamu. Dirisha ni la aluminiamu na kioo, linateleza na kukaza hata upepo hausikiki. Chini ya mlango mama alikuwa amesokota kitenge kikuukuu akakibana pale, baridi isiingie kwa mjukuu wake mwenye kifua.

Dirisha lile la aluminiamu nililipia mimi. Mwaka jana, kwa malipo ya miezi mitatu, ili mwanangu asipigwe na baridi.

Juu ya sanduku, karibu na kitanda, ile chupa ya kangaga ilikuwa inang'aa, imefungwa, nzima kabisa. Nikaiangalia, nikakiangalia chumba.

Tulikaa jikoni, mimi, mama na binti. Sikuanza na mihadhara. Mama ndiye aliyeanza, na alikuwa amejiandaa.

"Kwanza mimi si mjinga. Moshi ndio unaoua, na mimi jiko siliingizi mpaka moshi uishe. Pili, mjukuu wangu kanieleza kwamba mmea wenu unatoa oksijeni. Si uko humo humo chumbani?"

Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, na zote mbili nimezisikia kwa watu waliosoma kuliko mimi. Ya pili ndiyo rahisi. Chupa imefungwa, oksijeni yake inabaki humo humo. Hata ingekuwa wazi, mimea michache ya ndani haisafishi hewa ya chumba kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Wanasayansi wa NASA walipojaribu jambo hilo na kuchapisha mwaka 1989, mimea yao ilikuwa kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa, si kwenye chumba cha watu wanaolala. Watu walisoma nusu ya habari, wakanunua maua.

Ya kwanza ndiyo inayoua. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaodanganya. Mkaa ukiungua bila oksijeni ya kutosha unatoa hewa nyingine, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ukiivuta inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyozishika. Mtu anaendelea kupumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi kitu. Huanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuwa mzito. Watu hudhani ni malaria au mafua. Dalili inayosaidia kuitambua ni kwamba ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi ndani inarudi. Aliyelala haoni hata dalili hizo. Watoto na wajawazito wanaathirika upesi zaidi.

Mama alikuwa ananisikiliza huku anachagua mchele. Niliposema "ukitoka nje unapata nafuu" mkono ukasimama kwenye ungo. Akamtazama mjukuu wake, kisha akaendelea kuchagua.

Binti ndiye aliyeuliza kilichobaki. "Mama, mbona na sisi tumeweka mkaa kwenye chupa? Mbona kangaga halifi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikaenda kuchukua kipande kwenye kiroba, nikampa ashike. Mkaa wa kwenye chupa ni huu, baridi, umekaa tu, hauungui, hautoi chochote. Jikoni ni mkaa ule ule ukiwa unaungua, na kila kinachoungua kinakula hewa. Chupani pia kuna jua linaloingia kila asubuhi na majani yanayotengeneza upya kilichotumika. Chumbani usiku hakuna hata jani. Kuna watu wawili na jiko, wote wanatumia, hakuna anayerudisha.

"Kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tunakosa hewa," akasema. Hakuna aliyemjibu.

Mama akasema tena, kwa sauti ndogo, "Lakini jiko lilikuwa halizimiki. Nilidhani kama hewa imekwisha litazima lenyewe." Hili nalo niliseme wazi kwa sababu wengi tunaliamini, pengine kwa lile jaribio la shule la mshumaa na glasi. Jiko halitakungoja. Sumu hiyo inaweza kujaa kiasi cha kuua wakati mkaa bado unawaka vizuri. Wala kuacha dirisha wazi kidogo si ruhusa ya kulala nalo, wala kuweka beseni la maji pembeni, ambalo nimeshauriwa na watu wawili watatu. Jiko la mkaa halilali ndani. Mkikuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje, mpelekeni hospitali hata kama anasema amepona, na mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Msisahau hilo la mwisho. Kile kifaa cha kubana kidole kinaweza kuonyesha namba nzuri ya oksijeni wakati damu imejaa sumu, kwa sababu hakiwezi kutofautisha.

Jioni ile tulipanga upya. Chumba kinapashwaje? Hakipashwi, anapashwa mtoto. Soksi na kofia ya sufi. Maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri, imefungwa kwa taulo, inawekwa kitandani nusu saa kabla ya kulala kisha inatolewa. Wote wawili blanketi moja zaidi. Jiko linaotewa barazani mpaka saa mbili, kisha linabaki huko huko, mbali na dirisha. Kitenge cha mlangoni nilikichukua mimi mwenyewe, na dirisha la aluminiamu likaachwa wazi upana wa vidole viwili. Mama alikubali yote isipokuwa dirisha, ambalo tulibishana mpaka saa nne usiku. Lilibaki wazi, lakini nilimsikia saa tisa akinong'ona na Mungu wake kuhusu watoto wa siku hizi.

Nililala katikati yao. Sikulala sana. Kila nikiamka niliweka mkono mgongoni kwa binti, nikahesabu.

Asubuhi nilimuuliza kuhusu kichwa. Akasema hakiumi, ila pua ni baridi. Tulikwenda kuiangalia chupa. Ilikuwa na ukungu upande wa dirishani, ule wa kweli, na kwenye kangaga kulikuwa na jani jipya limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga. Akataka kulifungulia alione vizuri. Nikamwambia asubiri, litajifungua lenyewe.

Nilirudi Mbeya Jumapili hiyo hiyo. Jumatatu jioni simu ikaita, alikuwa mama, jambo la nadra, kwa kawaida mimi ndiye hupiga.

"Baridi inaingia kwenye hilo dirisha lako, ujue."

"Najua mama."

"Basi leta blanketi. Nene. Siyo yale mepesi mnayouziwa huko."

Nililipata Soweto, la kijani, zito kama mtoto wa shule, nikalipakia kwenye basi Jumatano. Alipolipokea alituma ujumbe wa maneno mawili kwa simu ya mjukuu: "Limefika. Linafaa." Chini yake binti alikuwa ameongeza la kwake. Jani limefunguka, na Bibi anauliza kama mchaichai nao unaweza kuishi chupani.

Hauwezi, unakua mno. Lakini nimemwambia ajaribu.